Bei ya kavu

Mteja akisema ataongeza hela ili kondomu isitumike, yaani iwe kavu, suala la afya linageuka kuwa suala la kodi ya nyumba. Semina nyingi hazifiki hapo. Dada anayeuza ngono anajua kondomu inazuia VVU, pengine kumzidi mwezeshaji anayelipwa posho kumfundisha. Shida ni kwamba akikataa, mteja anavuka barabara kwa mwenzake.

Thailand walianzia kwenye shida hiyo. Mwaka 1989, huko Ratchaburi, daktari Wiwat Rojanapithayakorn alianzisha mpango wa kondomu asilimia 100: kila danguro, kila mteja. Mwanamume akija kliniki na kisonono aliulizwa alikipata wapi. Danguro alilolitaja lilionywa, na likirudia lilifungwa kwa muda. Mwaka 1991 mpango ukawa wa nchi nzima. Matumizi ya kondomu madanguroni, yaliyokuwa asilimia 14 mwaka 1989, yalipita 90 katika miaka michache tu. Mteja hakubadilika tabia kwa mahubiri. Alikosa pa kukimbilia.

Wanaoupinga wana hoja pia, nami naikubali: nguvu walipewa polisi na wenye madanguro, si wanawake. Tena mpango wa aina hiyo unahitaji danguro lenye mwenyewe. Kwetu wengi wanajitegemea, baa na barabarani, na wanamjua polisi kwa sura nyingine. Ripoti ya Open Society Foundations ya mwaka 2012 kuhusu nchi sita, Kenya ikiwemo, ilieleza jinsi askari wanavyowanyang'anya kondomu au kuzifanya ushahidi. Nani atatembea nazo tatu mkobani?

Majengo, Pumwani, Nairobi, walipita njia nyingine. Mwaka 1985 takriban theluthi mbili ya wanawake wanaouza ngono waliopimwa pale walikutwa na VVU. Muuguzi Elizabeth Ngugi aliwaita barazani, wakachagua viongozi wao na kuanza kuelimishana. Kondomu zikatumika zaidi, bila virungu. Lakini baraza lina kikomo chake: mgeni aliyeshuka jana kwenye basi hakuwepo kikaoni, naye ana njaa.

Ndiyo maana PrEP, dawa ya kujikinga na VVU ambayo Kenya ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2017, imewavutia wengi. Ni tembe moja kwa siku, na mteja hana habari. Sasa ipo hata sindano ya lenacapavir, mara mbili kwa mwaka, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Ningekuwa mimi ndiye niliye barabarani, ningeichukua. Ila haizuii kaswende, kisonono wala mimba, na mteja akishaisikia atapata kisingizio kipya cha kudai kavu.

Katika yote haya, ni Thailand tu waliomkalisha mwanamume kitini wakamuuliza alikuwa wapi. Kwetu akitibiwa kisonono hupewa karatasi ya kumwita mwenzi wake. Wa nyumbani, yaani.