Sindano Tupu Nayo Ina Kazi

Hajji jirani yangu hapa Kisenyi, Kampala, alipigwa picha ya ultrasaundi akaambiwa ini lina mafuta. Akanunua dawa ya mizizi, chupa nne za maji yenye rangi ya chai kali. Akaacha na soda. Miezi minane baadaye picha ikatoka nzuri. Nilipomwambia dawa ile haijajaribiwa, akanijibu: "Mwanangu, jaribio ndiyo mimi."

Hajji huyohuyo hataki kusikia majaribio ya hospitali. Mgonjwa kuchomwa sindano isiyo na dawa, anasema, ni dhuluma. Simbezi. Katika majaribio makubwa mgonjwa hutobolewa ubavuni, akatolewa kipande cha ini mwanzoni na tena baadaye. Kunauma, na damu inaweza kuvuja. Dawa ikishathibitika, bei humshinda.

Lakini tazama jaribio lililochapishwa 2025 la semaglutide, sindano ya kisukari na ya kupunguza uzito, kwa wagonjwa ambao ini lao lenye mafuta limevimba na kupata makovu. Kati ya wagonjwa 800 wa kwanza, baada ya wiki 72, uvimbe wa ini ulitoweka bila makovu kuzidi kwa asilimia 62.9 ya waliopata dawa. Waliochomwa sindano tupu? Asilimia 34.3. Zaidi ya mmoja kati ya watatu, bila tone la dawa! Namba hii hainitoki kichwani. Wale walishauriwa kuhusu chakula na mazoezi, na mtu anayefuatiliwa hujitunza. Tena kipande kinachotolewa ni kama sehemu 1 tu ya 50,000 ya ini, hivyo vipande viwili vya ini lilelile vinaweza kutoa majibu tofauti. Bila kundi la sindano tupu, dawa ingepewa sifa ya asilimia 63 nzima, wakati pengo halisi halifiki 29. Na Hajji wetu, nani atajua kama aliponywa na mizizi au na kuacha soda?

Majibu ya ng'ambo hayatutoshi. Majaribio haya kwa kawaida huwaacha nje wenye homa ya ini ya B, na hapa Uganda wako wengi. Wapo pia wanaotumia dolutegravir ya VVU, dawa inayoongeza uzito kwa baadhi yao. Ini la watu hawa litajaribiwa wapi kama si hapa?

Ila Mamlaka ya Taifa ya Dawa isiruhusu jaribio lolote hadi iandikwe kwenye mkataba, kabla ya sindano ya kwanza: dawa ikifaa, waliochomwa sindano tupu ndio wa kwanza kuipata, bure.