Sare ndiyo, kumfukuza mtoto getini hapana

Nauweka msimamo wangu mezani mapema. Naunga mkono sare za shule, na naona ni sawa shule kuwataka wanafunzi wote wazivae. Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni tabia ya kumrudisha nyumbani mtoto aliyekuja kusoma, eti kwa kuwa soksi zake si za rangi inayotakiwa, sweta lake halina nembo, au viatu vyake vimeachama. Wengi huyachukua mambo haya mawili kama jambo moja. Wanasema sheria isiyo na adhabu si sheria, na adhabu iliyozoeleka ndiyo hiyo: toka nje, utarudi ukishavaa inavyotakiwa. Kwangu mimi hapo ndipo suala zima la sare linapoharibika.

Kwanza niseme kwa nini naitaka sare. Asubuhi ya mtoto mwenye sare haina maswali ya nguo. Kwa mtoto mdogo hiyo ni nafuu ndogo, lakini kwa kijana wa miaka 14, anayehisi kila jicho linamtazama yeye, ni nafuu kubwa. Umri huo una mizigo yake: mwili unabadilika, sauti inakwama, marafiki wanagombana na kupatana na kugombana tena. Kumwondolea swali la leo nivae nini nisichekwe ni kumtendea wema. Ipo na faida nyingine ambayo haitajwi sana. Sare humtambulisha mtoto kwa watu wazima wasiomjua. Mwanafunzi akionekana amesimama peke yake njiani saa za masomo, mtu yeyote mwenye utu anaweza kumsogelea na kumuuliza kulikoni. Na mwalimu aliyewatoa watoto kwa ziara ya masomo anawahesabu upesi hata katikati ya umati. Faida hizi zote zinahusu ulinzi. Sare inamwambia kila mpita njia kwamba mtoto huyu ni wa shule, ana watu wanaomwajibikia.

Hoja inayotajwa kuliko zote, kwamba sare inaficha umaskini, mimi siikubali. Haifichi. Aliyewahi kukaa darasani anajua. Shati jeupe la mwaka huu na shati jeupe la miaka mitatu si weupe mmoja. Sketi iliyoshushwa pindo inabaki na mstari pale ilipokuwa imekunjwa: juu ya mstari kitambaa kimepauka kwa jua na kufuliwa, chini yake bado kina rangi ile ya siku kiliponunuliwa. Watoto wanausoma mstari huo bila kufundishwa na mtu. Wanajua sweta la nani limerithiwa kwa kaka, kwa sababu mikono imepita vidole, na wanajua nani ana shati moja tu, kwa sababu doa la wino la Jumatatu bado lipo Alhamisi. Wanaowaahidi wazazi kwamba sare itafuta tofauti hizi wanawaahidi kisichowezekana.

Ila inapunguza, na kupunguza si haba. Kati ya shati jipya na shati lililopauka kuna tofauti, lakini haifikii ile iliyopo kati ya mtoto mwenye kabati limejaa nguo na mwenzake mwenye nguo mbili za kubadilisha. Mtoto mwenye shati lililopauka bado amevaa kama wenzake, na hakuna anayeweza kumwambia hukustahili kuwa hapa. Hakuna, yaani, mpaka shule yenyewe imwambie hivyo getini.

Kuhusu nidhamu nitasema kidogo, kwa kuwa naona hoja hiyo imepewa uzito kuliko inavyostahili. Mwaka 1994 mji wa Long Beach, jimbo la California nchini Marekani, uliagiza sare katika shule zake za umma za msingi na za kati, na baadaye ukatangaza kwamba vurugu zimepungua. Habari ilivuma hadi Rais Bill Clinton akaizungumzia sare katika hotuba yake kwa taifa mwaka 1996. Lakini watafiti David Brunsma na Kerry Ann Rockquemore walipochambua takwimu za wanafunzi wa darasa la kumi nchini humo, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1998, hawakuona kwamba sare imepunguza utovu wa nidhamu, utoro wala matumizi ya dawa za kulevya. Finland haina sare katika shule zake na hakuna anayesema watoto wake hawasomi. Adabu hufundishwa na watu: mwalimu anayefika kwa wakati, mzazi anayefuatilia, mkuu wa shule anayewajua wanafunzi wake kwa majina. Kitambaa hakiwezi kuifanya kazi hiyo.

Kitambaa hicho hicho, lakini, kinaweza kumtoa mtoto shuleni, na hapa ushahidi una nguvu zaidi. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti katika shule za msingi 328 magharibi mwa Kenya, ambako katika baadhi ya shule wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure. Hawakupewa fedha wala walimu wa ziada. Ni sare tu. Baada ya miaka mitatu wasichana walioacha shule walikuwa asilimia 16 badala ya 19, wavulana asilimia 10 badala ya 13. Wasichana waliopata mimba walishuka kutoka asilimia 16 hadi 13. Utafiti mwingine wa nchini humo ulionyesha kwamba kumpa mtoto sare kulipunguza utoro kwa zaidi ya theluthi moja, na walionufaika zaidi ni wale ambao hawakuwa na sare kabisa, ingawa miaka minane baadaye tofauti katika kiwango cha elimu waliyoifikia haikuonekana tena. Kwa hiyo sisemi sare ya bure ni muujiza. Nasema kama nguo moja ikitolewa inamvuta mtoto darasani, basi nguo hiyo hiyo ikidaiwa kwa mtoto asiye nayo inamsukuma nje, na aliyeweka sharti hawezi kunawa mikono.

Nimewahi kusimama karibu na geti la shule asubuhi na kumtazama mwalimu wa zamu akikagua mstari. Alikuwa kijana tu, si katili, anafanya alichoambiwa afanye. Kulikuwa na mvulana ambaye shati lake lilikuwa limelowa kwenye kola na chini ya kwapa. Lilifuliwa usiku na halikuwahi kukauka. Alipita. Nyuma yake alikuwapo mwingine mwenye shati kavu, safi, lakini si la shule, na huyo akaambiwa arudi. Hakubishana. Aligeuka haraka mno, na kwa ule wepesi wake nilielewa kwamba alikuwa amekwishajiandaa kuambiwa hivyo tangu alipotoka kwao. Siku hiyo alikosa hesabu, akakosa kusoma, akakosa chochote kilichofundishwa. Na kesho yake shati lilikuwa litoke wapi? Usiku mmoja haumpi mzazi fedha ambazo hakuwa nazo muhula mzima. Baadhi ya watoto wa namna hii hurudi baada ya juma. Wengine hurudi wakiwa nyuma ya wenzao, wanachoka kuwa wa mwisho, wanaacha.

Ndiyo maana nasema sharti la sare limfunge kwanza anayeliweka. Shule ikitaka watoto wote wavae namna moja, ni wajibu wake kuhakikisha hakuna anayeshindwa kwa sababu ya fedha. Kwanza ifupishe orodha. Shati la rangi fulani na kaptura, sketi au suruali ya rangi fulani, vinavyopatikana popote na ambavyo fundi yeyote anaweza kuvishona, vinatosha kabisa kuwa sare. Balaa huingia pale kila kitu kinapotakiwa kuwa na nembo na kununuliwa kwa muuzaji mmoja aliyeteuliwa: fulana ya michezo, soksi, begi, tai. Uingereza iliona tatizo hili kuwa kubwa kiasi cha kulitungia sheria mwaka 2021, na sasa mwongozo wa serikali kwa shule za England unazitaka zipunguze vitu vyenye nembo na zirahisishe upatikanaji wa sare zilizotumika. Mwaka 2018 shule moja ya msingi ya umma katika eneo la Ginza, Tokyo, ilichagua sare zilizobuniwa na Armani, kampuni ya Italia ya mavazi ya kifahari, ambazo seti kamili pamoja na vikorombwezo vyake iligharimu zaidi ya yeni 80,000. Wazazi walilalamika, na walikuwa na haki. Sare ikishakuwa kitu cha kujivunia bei, imeiacha kazi ambayo mimi naitetea kwayo.

Jambo jingine ninalotaka lizungumzwe kwa uzito ni sketi. Mtazame msichana wa darasa la tatu wakati wa mapumziko. Akikaa chini anavuta sketi ifunike magoti, akiruka kamba mkono mmoja unashikilia pindo, akitaka kupanda juu ya kitu anatazama kwanza nani yuko chini. Kaka yake mwenye kaptura hafikirii lolote kati ya hayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa nchi na maeneo 135, wakaona kwamba pale ambapo shule nyingi hudai sare, pengo la mazoezi kati ya wavulana na wasichana wa shule za msingi ni kubwa zaidi. Uchambuzi huo hauthibitishi kwamba sare ndiyo chanzo, na wenyewe walisema hivyo. Lakini mtu aliyemwona mtoto anacheza kwa mkono mmoja hahitaji kubembelezwa sana. Msichana aruhusiwe suruali au kaptura bila kuombewa kibali. Na wavulana pia wana lao: mwezi Juni 2017, huko Exeter nchini Uingereza, wavulana waliokatazwa kaptura wakati wa joto kali walikwenda shuleni na sketi kupinga katazo hilo. Shule iliahidi kufikiria upya. Ingeweza kuwasikiliza mapema zaidi.

Kuhusu nywele, hijabu, kilemba na mapambo ya imani, maoni yangu ni mafupi: visiguswe, isipokuwa vinahatarisha usalama maabara au uwanjani. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwaka 2007 kwamba shule moja ya Durban ilimbagua mwanafunzi wake Mhindu ilipomkataza kipini cha puani, na katika uamuzi huo sare ya shule haikufutwa. Iliendelea kuvaliwa, na msichana mwenye kipini akawa na haki ndani yake.

Walimu wataniuliza: kama hatumrudishi mtoto, tutafanyaje? Wengine wataacha sare makusudi. Swali hilo ni la haki na nalijibu. Mtoto aingie darasani, asome. Jina liandikwe, mzazi apigiwe simu au aitwe, aulizwe yeye, kwa kuwa sare hainunuliwi na mtoto. Kijana mwenye sare nyumbani aliyeamua kukaidi apewe adhabu baada ya vipindi, isiyomnyima somo. Na kwa asiye nayo, shule iwe na sare za akiba. Kila mwaka kuna wanaohitimu na wanaokua haraka wakaacha nguo nzima kabisa. Zikusanywe, zifuliwe, zitengenezwe vifungo, ziwekwe ofisini kwa mwalimu wa malezi. Zitolewe kwa mtoto akiwa peke yake, si mstarini mbele ya wenzake, na zisiwe za rangi tofauti wala zenye maandishi mgongoni ya kumtangaza kwamba ameazima. Akishazipokea ziwe zake, asidaiwe muhula ukiisha. Shule inayosema haiwezi kuweka akiba hiyo ikae na wazazi, iipunguze orodha yake mpaka iwe ile ambayo familia yenye kipato cha chini kuliko zote inaweza kuimudu.