Hasara ya mwajiri haifuti kiinua mgongo

Eti kiwanda kikifungwa sababu ya hasara mfanyakazi anadai mshahara wa mwezi ule tu basi, kama meneja mmoja wa kiwanda kilichofungwa alivyomwambia mwandishi wa habari, hapana jamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania inasema ukishafanya kazi mfululizo miezi 12 na ukapunguzwa unalipwa kiinua mgongo, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, na hiyo haigusi pesa yako ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), hivyo ni vitu viwili tofauti, watu wengi hapo ndo wanapigwa. Bado notisi, anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, bado likizo ambayo hujaenda, na cheti cha utumishi. Sisi tulipofungiwa hapa Tabora tuliletewa karatasi tusaini kuwa hatudai kitu, wengine wakasaini wapate nauli (njaa nayo!) wakati nauli ni haki, mimi niliajiriwa nikiwa Kasulu kwa hiyo kunirudisha huko mimi na mizigo yangu ni juu yake mwajiri. Na msikae mkisubiri huruma ya bosi, kama unapinga kuachishwa yenyewe CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) wanataka upeleke shauri ndani ya siku 30, ukichelewa unaanza kuomba kuongezewa muda kwanza. Nyie wa Urambo na Kaliua mlioachishwa kwa mdomo bila barua, kuna aliyelipwa?