Saa Sita za Mjumbe wa Bodi ya Shule

Bajeti ya shule inapobana huko Marekani, fungu mojawapo linalonyooshewa kidole mapema ni lile la semina za wajumbe wa bodi, yaani wananchi waliochaguliwa kusimamia shule za wilaya yao. Mzazi husimama mkutanoni akauliza: maktaba haina mkutubi, kwa nini tuwalipie watu saba nauli na hoteli wakasikilize mihadhara ya sera? Ni swali la haki, wala simlaumu anayeliuliza. Ila gharama ya mjumbe asiyefundishwa haionekani kwenye bajeti, nayo inaweza kuwa kubwa mno.

Mwaka 2002, katika wilaya ya shule ya Roslyn, jimbo la New York, bodi iliambiwa kwamba ofisa mmoja wa fedha alikuwa amejichotea takriban dola 250,000. Mkuu wa elimu wa wilaya, Frank Tassone, akawashawishi wajumbe wasiende polisi: arudishe fedha, astaafu kimya kimya, shule isichafuke jina. Wakakubali. Miaka miwili baadaye ikabainika kuwa mshauri mwenyewe alikuwa mwizi. Ukaguzi wa jimbo wa mwaka 2005 ukataja hasara ya dola milioni 11.2, na Tassone akakiri makosa akafungwa. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa sababu ya mwizi. Mimi huwawaza wajumbe waliokaa mezani siku ile ya 2002, wakipokea ushauri kutoka kwa mtu yuleyule waliyechaguliwa kumsimamia.

New York ilijibu kwa sheria. Tangu 2005, mjumbe mpya sharti apate mafunzo ya usimamizi wa fedha yasiyopungua saa sita ndani ya mwaka wake wa kwanza. Saa sita! Haijai hata siku nzima ya kazi. Kwa muda huo, mtu ambaye hadi juzi alikuwa muuguzi au fundi bomba, na ambaye mara nyingi halipwi mshahara kwa kazi hii, aweze kuidhinisha mamilioni ya fedha za umma. Hata hivyo, tazama saa hizo chache zinavyoweza kusaidia. Mfungulie ukurasa mmoja wa bajeti: safu ya makadirio, na kando yake safu ya matumizi halisi. Asiyefundishwa ataona hesabu imejumlishwa sawasawa, atapiga kura ya ndiyo. Aliyefundishwa atauliza mbona kifungu cha matengenezo hukadiriwa juu kila mwaka, kila mwaka fedha hubaki, na hayo mabaki huhamishiwa wapi. Swali hilo halihitaji shahada ya uhasibu. Linahitaji mtu aliyemwonyesha, hata mara moja tu, mahali pa kutazama.

Katika semina hizo, kufahamiana na wajumbe wa wilaya nyingine ndiko kunakobezwa zaidi, eti ni kupiga soga kwa fedha za walipa kodi. Wanaosema hivyo wanasahau jinsi mjumbe alivyo mpweke. Sheria za mikutano ya wazi, kama Sheria ya Brown ya California ya mwaka 1953, huwakataza wajumbe walio wengi katika bodi kujadili shughuli zake faraghani, hata kwa kupitishiana ujumbe mmoja baada ya mwingine. Ni sheria njema. Lakini usiku wa kuamkia kura, mwenye kabrasha nene mapajani ampigie nani? Aliye karibu ni mkuu wa elimu, yaani mwajiriwa wake. Mjumbe wa wilaya jirani hafungwi na katazo hilo. Ndiye awezaye kumwambia: programu hiyo ya kusomea hata sisi tuliinunua, mkataba ulijihuisha wenyewe bila sisi kujua, hebu soma kurasa za mwisho.

Wapinzani wana hoja nzito kuliko ya nauli. Wanahofia kwamba mjumbe huondoka nyumbani akiwa sauti ya wazazi na kurudi akiwa sauti ya ofisi. Texas, bodi nyingi zina wajumbe saba, na kwenye mafunzo wao pamoja na mkuu wa elimu huitwa timu ya wanane, ilhali huyo wa nane ndiye wanayemwajiri, kumpima na hata kumfukuza. Jina hilo linanikera mimi pia. Halafu wakufunzi wenyewe mara nyingi ni vyama vya bodi, navyo vina misimamo yake. Mwaka 2021 chama cha taifa cha bodi za shule kilimwandikia Rais Biden barua iliyofananisha baadhi ya vitendo vya watu waliozipinga bodi na ugaidi wa ndani. Kikaomba radhi, na vyama vingi vya majimbo vikajitoa.

Lakini kasoro hizo ni za mkufunzi. Ukifuta semina, mkuu wa elimu anabaki kuwa mwalimu pekee wa bodi, na hapo ndipo Roslyn walipokuwa mwaka 2002. Ningependa kuona somo la fedha likifundishwa na wakaguzi wa jimbo badala ya vyama, mkuu wa elimu akiwa nje ya chumba, na saa sita hizo zikirudiwa kila mwaka kabla bajeti haijaletwa mezani.