Nilivyoona Kombe la Dunia Ndani ya Kanzu ya Mtu

Ukitaka kuwajua jamaa zako wa Mombasa ni wangapi, usiwaalike arusini. Sema unakwenda Qatar.

Mimi nilisema mara moja, tena kwa sauti ya chini, barazani Majengo baada ya Isha, Oktoba ya mwaka 2022. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshapokea mfuko wa kwanza. Ulikuwa wa mabuyu, na aliyeuleta alisema kijana wake yuko Doha, mahali fulani karibu na barabara kubwa, nikifika niulize.

Safari yenyewe niliipanga vizuri. Nataka hili lieleweke mapema, maana hadithi inayozunguka mtaani ina wenyewe na nia zao. Mimi ni karani bandarini Kilindini. Kazi yangu ni kontena: imeingia, imetoka, sili yake nzima au imekatwa, namba zinalingana na karatasi au hazilingani. Siku niliposoma kwamba Doha wamejenga uwanja wa mpira kwa kontena, tena kontena 974, kwa kuwa 974 ndiyo namba ya simu ya nchi yao, usingizi uliniruka. Wenzangu walitaka kumwona Ronaldo. Mimi nilitaka kuona zile kontena zimepangwaje na nani alikagua pembe zake.

Kombe kwa kawaida huchezwa Juni na Julai, lakini lile lilisogezwa Novemba kwa ajili ya joto la Qatar, na likizo yangu ilikuwa imelala tu. Kenya haikuwemo. Haijawahi kufika Kombe la Dunia, na mwaka ule hata daftarini hatukuwa: FIFA ilitufungia Februari, ikaja kutufungulia tarehe 28 Novemba, watu washaanza kucheza. Basi nikajipa Ghana. Ghana na Ureno, Alhamisi tarehe 24 Novemba, saa moja usiku, Uwanja 974. Ule ndio uwanja pekee kati ya vinane usiokuwa na viyoyozi, ndiyo maana mechi zake zote ziliwekwa usiku. Tiketi ya chini kabisa kwa sisi wageni ilikuwa dola 69. Halafu kulikuwa na kadi ya Hayya: bila hiyo ulikuwa huingii nchini wala uwanjani, na ulikuwa huipati mpaka useme unalala wapi. Bei za hoteli niliziangalia nikafunga simu. Nina mpwa wangu dereva kule, amekodi chumba. Akaniandikisha kuwa mgeni wake. Tiketi ndani ya simu, Hayya ndani ya simu, pasipoti mkononi. Niambieni nilikosea wapi.

Ikaja halua, kilo mbili, kutoka Kibokoni. Ikaja bizari ya pilau iliyosagwa Marikiti. Yakaja madera matatu ya msichana anayefanya kazi za nyumbani kule, ambaye mama yake alinishika mkono akalia, nami moyo wa kukataa sina. Akaja ng'onda, samaki mkavu, amefungwa kwenye gazeti, kisha kwenye nailoni, kisha kwenye nailoni nyingine, na bado chumba kizima kilijua yumo. Ikaja chupa ya achari ya ndimu na pilipili, mafuta yamefika shingoni. Na kila aliyeleta alisema maneno yale yale: "Ni kiduchu tu jirani, hakina uzito."

Mama Fauzi alikuja mwisho, na kwa heshima kuliko wote. Alileta kanzu. Nyeupe pe, tarizi ya mkono shingoni kwa nyuzi nyekundu na za manjano, imepigwa pasi, imekunjwa ndani ya plastiki, na plastiki ndani ya taulo. Mwanawe Fauzi anaposa. Watu wa upande wa mke wametaka kumwona kijana alivyo nadhifu, basi Ijumaa ile baada ya swala avae, apige picha, itumwe.

"Fundi kaniapia rangi hii haichuji hata ukiitia baharini," akaniambia. Akafikiri kidogo. "Lakini usiitie."

Siku ya safari, uwanja wa ndege, mizani ikasoma kilo 31. Tiketi yangu ilikuwa ya bei ya chini: sanduku moja, kilo 23, basi. Mimi ambaye kila siku huwaambia watu mzigo ukizidi unashushwa, nilisimama mbele ya binti wa kaunta sina la kusema. Mke wangu hakusubiri niseme. Alililaza sanduku sakafuni, akalifungua mbele ya foleni nzima. Watalii waliokuwa nyuma yetu walipopata harufu ya ng'onda, foleni yetu ikawa fupi ghafla.

Akaanza kutoa. Shati langu. Suruali zangu. Viatu. Ile fulana ya Ghana niliyoitafuta mitumbani Kongowea mpaka nikajulikana.

"Mbona unatoa vyangu?"

"Vya watu ni amana," alisema bila kuinua kichwa. "Vyako ni vyako."

Mizani ikasoma 23 kamili. Binti wa kaunta akampa pongezi. Nikapanda ndege na nguo nilizovaa, na ndani ya sanduku hakuna hata soksi inayonihusu.

Nilifika Doha Jumatano usiku. Alhamisi alfajiri mpwa wangu akaenda kazini, nami nikaona heri nipange vifurushi vya watu. Chupa ya achari ilikuwa imevimba. Nikalegeza kifuniko kidogo, nione kama imevuja. Haikuwa imevuja. Ilikuwa inasubiri. Kifuniko kikagonga dari, na mafuta ya pilipili yakanishukia kuanzia kola ya shati mpaka magotini, manjano, ya moto, yenye mbegu. Taulo la Mama Fauzi lilipata tone moja. Kanzu, ndani ya plastiki yake, haikupata kitu, na nilimshukuru Mungu kwa hilo nikiwa bado nafumba macho kwa ukali.

Nikafua. Suruali ya jinzi ukiifua saa nne asubuhi haikauki saa kumi, hata uarabuni, hasa ukiwa huna pa kuianika ila dirisha linalotazama ukuta. Nguo za mpwa wangu nilizijaribu. Yule kijana ana kiuno cha kalamu. Suruali yake ilipanda mpaka magotini ikakataa kuendelea, na kushuka pia ilinisumbua. Nikabaki na kikoi chake, singlendi yangu, na sanduku la watu.

Madera niliyatazama, sitasema uongo. Lile la samawati lingenitosha.

Lakini mtu mzima huchagua. Bandarini mzigo haukabidhiwi bila kukaguliwa, basi nami niliikagua kanzu, ila niliikagua kwa kuivaa. Hesabu yangu ilikuwa safi: naenda mechi, narudi, napiga pasi, asubuhi namkabidhi Fauzi mali yake kabla ya swala. Tatizo dogo ni kwamba Fauzi ni mfupi na mimi Mungu kanijaalia urefu. Kanzu ilikomea katikati ya muundi.

Nikapanda metro, ambayo kwa mwenye Hayya ilikuwa bure, mpaka kituo cha Ras Bu Abboud. Njiani mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe ya nguvu alikaa karibu nami, akaitazama tarizi yangu, akapendezwa, akaanza kunisemesha Kiarabu. Mimi Kiarabu changu ni cha madrasa. Niliweka "alhamdulillah" alipotabasamu na "inshallah" aliponyamaza. Tukaenda vizuri sana. Tulipoagana alinibusu bega kwa furaha, na mpaka leo nina wasiwasi nilimwoza binti yangu.

Halafu nikauona uwanja. Jamani. Kontena nyekundu, za buluu, za manjano, za kijani, zimepandana hadi juu, vyoo ndani ya kontena, ngazi ndani ya kontena. Nilisimama kuangalia pembe na vifungio mpaka watu wakawa wananizunguka. Zimekaa sawa. Kazi ya watu wanaojua. Nikapiga picha ya mlango wa kontena moja, kwa karibu, na bado ni picha ninayoipenda kuliko zote za safari ile, ingawa mke wangu husema hata Kilindini ningeipata.

Langoni kulikuwa na vijana wa ulinzi wamejipanga. Nikasikia, "Ami!"

Nilifurahi kwa nusu sekunde. Fauzi, kwenye sare yake, kaja mbio mikono wazi. Kisha macho yake yakashuka shingoni kwangu, yakasimama pale, na mikono ikashuka.

"Ami, mama alinitumia picha ya kanzu kama hiyo."

"Nchi hii imejaa kanzu, mwanangu."

"Zenye tarizi ya Mombasa?" Akatoa simu. Picha ilikuwa nzuri, kubwa, na upande wake mmoja ulionekana hata mkono wangu nikiipokea. "Vua, Ami."

"Ndani nina kikoi cha mtu na singlendi."

Aliitazama foleni nyuma yangu, Waghana na ngoma zao, wenye haraka zao. Watu walioingia usiku ule walizidi elfu arobaini. Akasogea sikioni. "Sikiliza. Usiketi. Usile kitu. Usikumbatiane na mtu. Nitakusubiri hapa hapa."

Kipindi cha kwanza nilikicheza kwa magoti. Kusimama nilizuiwa na waliokuwa nyuma, kuketi niliahidi sitaketi, basi nilichuchumaa juu ya kiti bila kukigusa. Ronaldo alitia bao likakataliwa kwa madhambi, watu wakaruka, na ile dakika ya malumbano ndiyo niliyonyoosha miguu. Kufika mapumziko mapaja yalikuwa yanatetemeka yenyewe. Wauzaji wa vyakula walipita. Sikuwatazama.

Kipindi cha pili hakikunipa nafasi ya kuchuchumaa. Dakika ya 65 penalti, Ronaldo, na kwa bao lile akawa mwanamume wa kwanza kufunga katika Kombe tano. Dakika ya 73 André Ayew akarudisha, uwanja ukapasuka. Kabla hatujakaa, wenzangu wakae nami nichuchumae, João Félix dakika ya 78 na Rafael Leão dakika ya 80. Tatu moja. Upande wangu wa kulia alikuwa Mghana mmoja mfupi, mpana, uso wote umepakwa nyekundu, manjano na kijani, rangi mbichi, inang'aa kwa jasho. Tangu mwanzo nilikuwa nimeacha nafasi ya mkono mzima kati yetu. Nilikuwa nikimwangalia yeye kuliko mpira.

Dakika ya 89 Osman Bukari akafunga kwa kichwa. Tatu mbili. Nilimwona yule bwana akigeuka. Nilisema "No!" na "Hapana!" na hata "La!", lugha zote nilizonazo. Alinikumbata kiunoni akauzika uso wake kifuani mwangu, akausugua kushoto na kulia, analia, anamtaja Mungu. Nikampigapiga mgongo. Ungefanyaje?

Na bado haikutosha. Mwisho kabisa kipa wa Ureno, Diogo Costa, kaweka mpira chini bila kutazama nyuma, Iñaki Williams amejificha kule kule nyuma yake, akamnyang'anya, goli lipo, akateleza. Uwanja mzima wakashika vichwa. Mghana wangu akaona mahali pa kulilia ni pale pale.

Fauzi alikuwepo langoni kama alivyosema. Hakunisalimu. Alinitazama kifua: nyekundu, manjano, kijani, na katikati kitu kama pua. Akafungua mdomo, na simu ikalia. Mama yake, kwa video. Mombasa na Doha saa ni ile ile, alikuwa ameangalia mechi nzima kumtafuta mwanawe langoni. Kijana alibonyeza akiwa amechanganyikiwa, na kamera ikaniangukia mimi, kuanzia shingoni kushuka.

Kimya. Kisha sauti, kali, ya kutoka tumboni.

"Fundi yule! Imechuja! Kaniapia haichuji!"

Fauzi akanitazama. Nikamtazama Fauzi.

"Na mbona fupi? Kitambaa nacho kaiba! Na kwani kaivaa jirani?"

"Ami anaijaribu tu, mama," Fauzi akasema, na hapo nikajua kijana yule atafika mbali. "Tuone ilivyo."

Nilitaka kueleza. Wallahi nilitaka, lakini mtandao ukakatika, na aliyeukata ni Fauzi. Ijumaa alipiga picha na kanzu ya kuazima kwa rafiki yake wa Lamu, wakwe wakapendezwa, na arusi ilikuja kufanyika, nikala pilau yake.

Fundi alirudisha nusu ya pesa. Ramadhani iliyofuata nilikwenda kwake kushona yangu. Alinipima kimya kimya, mabega, mikono, urefu, akaandika, kisha akaniambia siku hizi nyuzi nyekundu hatumii tena.