Mgeni wa Harusi Mpe Karanga, Kikombe Chenye Sura Yako Baki Nacho

Kabatini kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, kuna vikombe sita vyenye picha za maharusi. Kimoja kimeoshwa mpaka bibi harusi kafutika. Bwana harusi kabaki peke yake, anatabasamu, mkono umekumbatia hewa. Kukitupa naona aibu, kumnyweshea mgeni chai naona aibu zaidi, basi nakiwekea viberiti.

Mwaka jana mdogo wangu aliolewa, mimi nikatupiwa uhazini wa kamati. Vikao vilikwenda kama vinavyokwenda kote: ukumbi, chakula, mapambo, MC, keki. Kikao cha nne dada mmoja akainua simu yenye picha, akauliza, "Na wageni wataondoka na nini mkononi?" Hakuna aliyekuwa amelifikiria, lakini ndani ya dakika tano wote tulikuwa wataalamu. Mmoja anataka glasi zilizochorwa majina, mwingine mishumaa, mwingine vishikio vya funguo. Baba mdogo, mwenyekiti wetu, akang'ang'ania kalenda. Kalenda, na harusi ni mwezi wa tisa!

Mhazini huwa hasikii maneno, anasikia hesabu. Glasi moja na kuchorwa kwake ilikuwa 3,500. Wageni 250, hiyo ni 875,000. Na hela yenyewe si ya kwetu, ni michango ya hao hao wageni. Mtu kakutumia elfu hamsini kwa simu, tena mshahara haujatoka, wewe unamrudishia jina lako kwenye kioo akalifute vumbi. Ikiwa lazima aondoke na kitu, kiwe cha kuliwa kikaisha.

Walioizoea desturi hii zamani kuliko sisi wanalijua hilo. Italia mgeni wa harusi hupewa lozi tano zilizovikwa sukari, kila moja na nia yake: afya, mali, furaha, uzazi na maisha marefu. Pwani watu hawajawahi kuhangaika na glasi, halua ipo. Sasa sisi tunaokaa katikati ya karanga, zabibu, asali na ubuyu tunaagiza vishikio vya funguo vya nini?

Ila si kila cha Dodoma kinafaa. Zabibu mbichi huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ukikosea msimu umekwisha. Ukiupata msimu, zinapondeka kwenye mikoba ya akina mama kabla hawajafika kituo cha basi. Zabibu kavu sawa. Mvinyo ni fahari yetu, nami siukatai, lakini ukumbini kwetu nusu walikuwa Waislamu na walokole, na chupa ni gharama. Asali ya Manyoni, kwa jirani zetu wa Singida, ni tamu, ila vichupa vidogo visipofungwa sawasawa huvuja, na hakuna atakayekusamehe suti yake. Ubuyu wa rangi, ule mwekundu, usiuingize kabisa kwenye sherehe yenye shela jeupe.

Tukaishia kwenye karanga, na nilishinda kwa kura mbili tu. Karanga na mkoa huu wana historia. Baada ya vita vya pili Waingereza walikuja Kongwa na matrekta, wakitaka mashamba makubwa ya karanga za kukamua mafuta. Mvua ikawatupa, udongo ukakauka kama tofali, visiki vya mibuyu vikawashinda, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Leo mama mwenye jembe la mkono anavuna pale pale na kutuletea sokoni. Nilipomsimulia baba mdogo hadithi hii alilainika kidogo, maana anapenda sana habari za wazungu kushindwa.

Jambo moja silifanyii mzaha. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hutolewa moja moja, kwa macho, kabla ya jiko. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaangwa. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua kwa sumu hiyo na wengine wakafa, ingawa wakati ule uliotajwa zaidi ni mahindi. Tulikaa akina mama watano na nyungo usiku mzima tukichambua kilo 32, na umbea uliopita usiku ule sitauandika hapa.

Tulizikaanga siku mbili kabla, tukaziacha zipoe kabisa. Ukizifunga zikiwa na moto zinatoa jasho na kulegea. Kila mgeni gramu 100, ndani ya bahasha ndogo ya kaki ili mafuta yasipenye, kisha kifuko cha kitenge. Vitenge hatukununua: fundi aliyeshona sare za familia alikuwa na mabaki, akatuunganishia vifuko kwa hela ya uzi na ya soda. Majina ya maharusi tuliyaandika kwenye kikaratasi kilichofungiwa kamba, si kwenye kitenge. Karanga zikiisha mtu anabaki na kifuko cha kuwekea sarafu au pete, bila sura ya mtu.

Kikao cha mwisho kiligombana juu ya kadi za dabo: wapewe kimoja au viwili? Nikasema viwili. Watu wanaweza kulala kitanda kimoja, karanga ni jambo lingine. Na tuliongeza vifuko 30 kwa wapishi, madereva, walinzi na majirani waliosugua masufuria. Hao ndio husahaulika siku zote, wakati kikombe cha picha kinapewa mtu aliyekuja saa tano usiku kula na kuondoka.

Usiviweke mezani. Mezani vitaliwa kabla ya chakula, na meza za mbele zitabeba vya meza za nyuma. Tuliwasimamisha watoto wawili mlangoni na vikapu vya Singida, kila anayetoka anakabidhiwa kwa mikono miwili na kuambiwa asante. Mimi nikasimama nyuma yao na daftari langu.

Baba mdogo alipita mara tatu. Nilihesabu.