Sare ya hatua 21 isiyostahili kubezwa

Waambie watu wa sataranji kwamba mchezo umeisha sare hatua ya 21, wengi watasema wachezaji waliogopana. Sare ya Fischer na Tal kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Leipzig, Ujerumani, 1960, inawasuta. Tal alikuwa bingwa wa dunia. Fischer alikuwa na miaka 17, na mwaka mmoja kabla alikuwa amefungwa na Tal mara 4 bila kuambulia hata sare.

Ulikuwa Ulinzi wa Kifaransa, ufunguzi mmojawapo wa mwenye kete nyeusi, hapa Tal. Malkia wa Fischer alikula vitunda (kete ndogo za mbele) vya g7 na h7 (herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni ya mlalo), na kwa kufanya hivyo akamfungulia Tal njia ya g. Utamu wenyewe uko hatua ya 16. Farasi wa Fischer akala f7, akiitishia ngome ya Tal ya d8. Tal hakuihami, askofu wake akala ngome ya f1. Farasi akala d8, ngome ya Tal ikala askofu wa g5, kisha farasi akaruka e6 akala kitunda, huku akiwashika malkia na ngome kwa pamoja. Mwenye haraka atadhani Tal kwisha. Kumbe ngome ikala g2 kwa cheki, yaani ikimtishia mfalme, na mfalme haigusi kwa sababu askofu wa f1 anailinda! Mfalme akaenda h1, malkia wa Tal e5. Fischer akala askofu f1, Tal akala farasi e6, Fischer akala ngome g2, na malkia wa Tal akatua g4: cheki, kisha f3, kisha g4 tena, bila mwisho. Fischer ana ngome dhidi ya farasi wa Tal, na kitunda cha ziada, lakini hapati hata hatua moja ya kuvitumia.

Ndiyo maana siungi mkono mashindano yanayokataza kukubaliana sare kabla ya hatua ya 30 au 40. Wanahesabu hatua, hawatazami ubao. Chini ya kanuni hiyo, njia inayobaki ni kudai marudio: hali ileile mara 3, zamu ikiwa ya mchezaji yuleyule. Hapo wengi huharibu, wanasogeza kete kwanza ndipo wanamwita mwamuzi, na haki ya kudai inakuwa imewaponyoka. Andika hatua unayokusudia kwenye karatasi, usiguse kete, simamisha saa, mwite mwamuzi. Dai likikataliwa, mpinzani huongezewa dakika 2 na wewe unalazimika kucheza uliyoandika. Yakifika marudio 5, mwamuzi anasimamisha mchezo mwenyewe.